Nani Ashuke Kwenye Hiace?

Najua baadhi yenu mmechoka na mada za mpira, maana kila mahali ni Simba na Yanga, Yanga na Simba. Leo nakuja na mpira tena, ila naingilia mlango wa uani. Sitaki tubishane nani kamfunga nani. Nataka tuongelee hesabu inayopigwa kila mwaka kati ya Juni na Agosti, wakati sisi mashabiki tunasubiri majina mapya yashuke pale uwanja wa ndege. Ni hesabu ya nani aachwe.

Siku hizi, kwa lugha ya kijiweni, mchezaji haachwi. Anapewa "thank you". Klabu inaweka picha yake mtandaoni, chini yake maneno matamu ya shukrani na kumtakia kila la heri, na kabla chai haijapoa vijiwe vyote vinajua kuwa jamaa hana kazi. Neno lenyewe limeshatoka uwanjani na kuingia mtaani. Juzi kwenye daladala ya Bunju nilimsikia konda akimwambia mwenzake kuwa tajiri kampa dereva thank you. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Kuna kitu kwenye huo msemo kinauma ukikifikiria vizuri.

Wanaonivutia zaidi kwenye hizi thank you ni mastraika waliozeeka. Kipa akifika miaka 36 tunasema ana uzoefu. Beki wa kati akifika huko tunasema anajua kusoma mchezo. Straika akifika 33 na akikosa goli mechi tatu, tayari: "Ameisha huyo." Kazi yake inahesabika kwa namba moja tu, na namba hiyo kila mtu anaiona.

Mchukue John Bocco. Yule mrefu tuliyekuwa tukimwita Adebayor alikuwa na Azam tangu miaka ile klabu inapanda Ligi Kuu, akawa mfungaji bora msimu wa 2011/12 kwa magoli 19, akawa sehemu ya Azam iliyochukua ubingwa wa 2013/14 bila kupoteza mechi hata moja. Mwaka 2017 akahamia Simba, na Simba ikachukua ubingwa mara nne mfululizo, kuanzia 2017/18 mpaka 2020/21. Msimu huo wa mwisho wa ile minne, Bocco alikuwa mfungaji bora tena, magoli 16. Fanya hesabu. Kati ya kiatu cha kwanza na cha pili ilipita miaka tisa. Mwezi Agosti 2021 alitimiza miaka 32.

Baada ya hapo maneno yakaanza. Amechoka. Hana kasi. Anarudi nyuma sana. Halafu Desemba 2022 Simba ikaifunga Tanzania Prisons 7-1, na watu wawili katika mechi hiyo hiyo wakafunga magoli matatu kila mmoja: Bocco mwenye miaka 33 na Saido Ntibazonkiza mwenye miaka 35. Wazee wawili, magoli sita. Msimu ulipokwisha, Saido akamaliza akiwa na magoli 17, sawa na Fiston Mayele wa Yanga, wakagawana ufungaji bora. Kwa hiyo umri peke yake hauamui. Mwaka mmoja baadaye, kiangazi cha 2024, Bocco na Saido wote wawili hawakuwa tena wachezaji wa Simba.

Hapa ndipo mashabiki tunapogawanyika. Kundi moja linasema Simba haina shukrani. Jingine linasema mpira si kituo cha kulea wazee. Mimi nadhani makundi yote mawili yanajibu swali ambalo halipo. Klabu haikai mezani kujiuliza kama fulani ni mzuri au mbaya. Inajiuliza kama fulani, kwa bei hii, kwa dakika atakazocheza, anastahili nafasi ambayo mtu mwingine angeikalia. Ni maswali mawili tofauti kabisa.

Bahati mbaya hapa kwetu mezani hapajaandikwa ukomo wa mishahara. Ligi yetu haisemi klabu isilipe zaidi ya kiasi fulani. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini na TFF mkataba wa haki za matangazo wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, fedha zikaongezeka, na mwenye tajiri mkubwa akaendelea kuwa na tajiri mkubwa. Lakini ukomo tunao, ila umevaa nguo nyingine. Unaitwa idadi ya wachezaji wa kigeni. Kanuni iliruhusu watano, ikaja saba, ikaja kumi, na misimu ya karibuni imekuwa 12. Nafasi ya mgeni ni kama kiti cha basi la mkoani siku ya mkesha wa Idi. Hata kama una hela, viti vikijaa vimejaa.

Ukiliona hilo, utaelewa kwa nini Bocco alidumu Simba kuliko Meddie Kagere. Kagere alikuja kutoka Gor Mahia mwaka 2018, akafunga magoli 23 msimu wa kwanza na 22 msimu wa pili, mfungaji bora mara mbili mfululizo akiwa na miaka 32 na 33. Kwa magoli alimzidi kila mtu. Lakini Kagere alikuwa mgeni. Kila msimu ilibidi awe bora kuliko mgeni yeyote mwingine ambaye Simba ingeweza kumleta kutoka Kongo, Zambia, Ivory Coast au Brazil. Siku alipokuwa mzuri tu, bila kuwa mzuri kuliko wote, kiti chake kikawa ghali. Mwaka 2022 akaondoka kwenda Singida. Bocco mzawa hakukalia kiti cha mgeni. Aliweza kuwa nahodha, akaingia dakika ya 70, akakaa benchi, akafunga magoli yake machache, na bado hesabu ikakubali. Akabaki misimu miwili zaidi ya Kagere.

Nani alikuwa straika bora kati ya hao wawili bishaneni wenyewe, soda juu yangu. Ninachosema ni kwamba uzee wao ulikuwa na bei tofauti.

Sasa vuka bahari kidogo. Nina rafiki tuliyesoma naye chuo kikuu pale Mlimani, yuko Marekani mwaka wa sita sasa, na ameambukizwa ugonjwa wa besiboli. Kila tukiongea ananihubiria. Mwanzoni nilikuwa naitikia tu, ila siku aliponisimulia habari za Albert Pujols niliweka simu vizuri sikioni.

Pujols ni mpigaji. Kazi yake ni kusimama na gongo na kuupiga mpira utoke nje ya uwanja. Alicheza miaka 11 St. Louis, kuanzia 2001 mpaka 2011, akaupeleka mpira nje mara 445, akawa mchezaji bora wa ligi yake mara tatu. Desemba 2011 timu ya Angels ikampa mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya dola milioni 240. Mwezi uliofuata akatimiza miaka 32. Umeona ilipo shida? Angels walilipia magoli, kama tungeita magoli, aliyokwishayafunga kwa watu wengine. Miaka ilivyokwenda akapungua, lakini mshahara haukupungua. Ulikuwa unapanda. Mwaka wa mwisho wa mkataba, 2021, alikuwa analipwa dola milioni 30, na mwezi Mei wa mwaka huo huo Angels wakamwachia aende.

Ligi ile ina ukomo wa aina yake. Haikatazi timu kulipa, ila timu ikivuka kiwango fulani cha mishahara inatozwa kodi. Mwaka 2025 kiwango kilikuwa dola milioni 241. Na orodha ya siku kwa siku ina wachezaji 26, basi. Kwa hiyo mzee mmoja wa dola milioni 30 anakula sehemu kubwa ya kiwango na nafasi moja kati ya 26.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Mwaka 2022, akiwa na miaka 42, Pujols akarudi St. Louis kwa mkataba wa mwaka mmoja wa dola milioni 2.5. Mwaka huo ligi zote mbili kubwa zilikuwa zimeruhusu mpigaji wa kuteuliwa, yaani mtu ambaye kazi yake ni kupiga tu, hakimbizani na mipira uwanjani. Wakamtumia hivyo, na kwa kuchagua siku. Akapiga 24, akavuka 700, akastaafu na 703. Mtu ni yule yule, tena mzee zaidi. Kilichobadilika ni bei na kazi. Kwa dola milioni 30 na kucheza kila siku alikuwa mzigo. Kwa milioni 2.5 na siku za kuchagua, uwanja mzima ulikuwa unasimama akiingia.

Najua kuna mtu atasema besiboli haituhusu. Sawa, tuongee lugha tunayoijua wote. Agosti 2021 Barcelona ilimwachia Lionel Messi akiwa na miaka 34. Yeye alitaka kubaki, klabu ilitaka abaki, lakini kanuni za La Liga za ukomo wa gharama za kikosi ziligoma, kwa kuwa klabu ilikuwa imeshajaza kapu lake kwa mishahara. Messi akalia mbele ya kamera. Mwaka uliofuata akachukua Kombe la Dunia. Hakuna aliyesema ameisha. Kapu ndilo lililokuwa limejaa.

Mpira wetu hauna mpigaji wa kuteuliwa. Wote kumi na mmoja wanakimbia. Ila tangu sheria ya kubadilisha wachezaji watano ije mwaka 2020 kwa muda, na kuwa ya kudumu mwaka 2022, kuna kadirisha kadogo kamefunguka. Zamani kocha mwenye nafasi tatu alikuwa anaziwekea akiba kwa majeruhi. Mwenye tano anaweza kumpa mzee dakika 20 za mwisho, wakati mabeki wamechoka na krosi zinaanza kumiminika. Bocco wa dakika 20 ni mchezaji tofauti na Bocco wa dakika 90, na anapaswa kuwa na mkataba tofauti.

Na ndivyo ilivyokuja kuwa. Mwaka 2024 akasajiliwa na JKT Tanzania, timu ya jeshi yenye wachezaji wazawa watupu, inayotumia uwanja wa Meja Jenerali Isamuhyo pale Mbweni. Kwa wasiolijua eneo, uwanja wa mazoezi wa Simba uko Bunju, na Bunju na Mbweni ni majirani wa barabara moja ya Bagamoyo. Bodaboda haikudai hela nyingi. Kutoka kwenye klabu inayowaza robo fainali za Afrika mpaka kwenye timu inayowaza kubaki Ligi Kuu, mzee wetu alihama kilomita chache tu.

Ukiendelea na barabara hiyo hiyo, ukavuka daraja la Mpiji, ukapita Mapinga, Kerege na Zinga, unaingia Bagamoyo. Huko hakuna Azam Media wala dola. Na huko ndiko nilikoielewa hesabu hii vizuri kuliko kokote.

Nina kaka yangu Bagamoyo, mtoto wa mama mkubwa. Ana miaka 36. Anaamka saa tisa usiku, anakwenda mnadani ufukweni kuchukua samaki, anawapeleka Tegeta na Bunju, anarudi mchana. Jioni anakwenda uwanjani. Kwa miaka 17 amekuwa straika wa timu moja ya mtaani kwao. Pale Mwanakalenge wazee wa kukaa ukutani wanamjua kwa kichwa chake. Akiruka yeye, wewe kipa omba Mungu.

Timu yao ilifanikiwa kuingia hatua ya mkoa. Mechi zote zilikuwa za kituo kimoja, Kibaha, kwa hiyo kila mechi ni safari. Tajiri wa timu ni mnunuzi wa samaki, si mtu wa mabilioni. Akawaambia wazi: nitalipia leseni za wachezaji 18, nitatoa Hiace moja, maji, na chakula cha mchana. Hiace ukiibana inabeba watu 18 ukiacha dereva. Toa kocha, toa meneja, toa yule kijana wa huduma ya kwanza. Wanabaki 15. Kumi na mmoja wanaanza, mmoja ni kipa wa akiba. Kwa hiyo benchi la wachezaji wa ndani ni watu watatu. Watatu tu, wadau, kwa mechi nzima na jua la Kibaha.

Orodha ya 18 ikatumwa kwenye kundi la WhatsApp saa tano usiku. Kaka aliisoma mara mbili. Asubuhi akanipigia kutoka mnadani, nasikia nyuma watu wanapandishiana bei ya changu. Akaniambia, "Mdogo wangu, wewe si mwandishi? Waandike hawa watu." Nikamwambia kaka, shikamoo kwanza. Akasema, "Marahaba. Waandike."

Jumamosi nikapanda gari nikaenda. Gazeti langu lisingechapa habari ya timu ya mtaani kumwacha muuza samaki, hilo alilijua na mimi nililijua. Lakini mtu aliyekulea, aliyekununulia viatu vya kwanza vya mpira, akikuita, unakwenda. Nikamtafuta meneja. Akanifungulia daftari lao la mechi, daftari kubwa la jalada gumu, kila goli limeandikwa na dakika yake. Nawaambia, wako watu Ligi Kuu hawaweki kumbukumbu hivyo. Msimu wa nyuma yake, kaka alikuwa amefunga magoli 11 kati ya 24 ya timu. Msimu uliopita alifunga matano. Matatu yalikuwa penalti. Mawili mengine yalikuja baada ya dakika ya 75.

Kocha naye nikamkuta, mwalimu mstaafu, mtu mpole. Hakukasirika. Akachukua kijiti akachora chini. Akasema, "Kijana wangu, mimi nina benchi la watu watatu. Beki wa kulia akiumia, nani anaingia? Winga akichoka, nani anaingia? Kila mtu wa benchi lazima ajue sehemu mbili, ikiwezekana tatu. Huyu dogo niliyemchukua ana miaka 18, hajui kufunga kama kaka yako, hata robo. Lakini anacheza winga zote mbili na beki ya kulia. Kaka yako anacheza sehemu moja tu, kwenye boksi. Kama ana dakika 90, namwanzisha na kelele hakuna. Hana. Na mimi mtu wa dakika 20 sina kiti cha kumpa."

Nilisimama nikaangalia ule mchoro. Nilitafuta pa kumbishia, maana ndicho nilichoitiwa. Sikupapata. Angekuwa na viti 18 vya wachezaji, kumwacha kaka ungekuwa ujinga. Angekuwa na basi la Coaster, ungekuwa ujinga mara mbili. Kwa Hiace, kocha alikuwa sahihi.

Usiku tukakaa na kaka ufukweni, kahawa na kashata, nikamwambia kila nilichokiona. Sikumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikamwambia magoli matano, matatu penalti, benchi la watu watatu, dogo anacheza sehemu tatu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Penalti ya dakika ya 88, Kibaha, watu wanapiga kelele, huyo mtoto atapiga?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Mimi najua." Akanywa kahawa yake. Halafu akasema maneno ambayo sijayasahau: "Hesabu sina neno nayo. Mimi mwenyewe nafanya biashara, najua tenga likijaa limejaa. Ila nyumba yangu wanaijua. Kupiga hodi tu kuliwashinda nini?"

Hapo nikakosa la kusema. Miaka 17, na habari imemkuta kwenye simu, saa tano usiku, kwa kulikosa jina lake kwenye orodha. Hata ile thank you ya kwenye picha hakupewa.

Mama mkubwa yeye alikuwa na mtazamo wake. Asubuhi akinipa chai akasema, "Mwanangu anaamka saa tisa usiku kutafuta riziki, jioni anakimbizana na watoto aliowazidi miaka 18. Kama wamempumzisha, Mungu awajaalie." Akaniongezea na chapati.

Mtataka kujua timu iliishia wapi. Ilimaliza katikati ya msimamo, haikupanda. Mechi mbili za mwisho zilitoka suluhu, na ukutani pale Mwanakalenge wapo wazee wanaoapa kuwa angekuwepo fulani zingekuwa pointi sita. Mimi siingii huko. Yule dogo wa miaka 18 alifunga magoli mawili na akacheza beki mechi tatu baada ya mwenye namba kuumia. Kama kaka angekuwa kwenye Hiace, mtu wa kushuka alikuwa yeye. Huwezi kuhesabu magoli ya aliyeachwa bila kufuta kazi ya aliyepanda. Wabishi wengi wa mpira tunasahau hicho kipande.

Kocha alikwenda nyumbani kwa kaka miezi miwili baadaye, na kilo mbili za sukari, kumwomba awafundishe vijana upigaji wa vichwa. Kaka alimkaribisha chai. Jibu hakumpa siku ile. Jumapili asubuhi anacheza na maveterani, na nasikia huko ndiye mdogo wao, wanamtuma maji.

Wadau, nimelifikiria hili kwa muda, na haya ndiyo ninayoyaamini.

Kumwacha mchezaji si dhambi. Anayetaka timu yake ibaki na kila mzee aliyewahi kuifungia, anataka timu ishuke daraja kwa heshima. Ila klabu inatakiwa ijue inamwacha kwa sababu gani. Kiwango kimeshuka? Bei imezidi? Au kiti hakipo? Hizo ni sababu tatu, na kila moja ina dawa yake. Kama ni bei, kaeni mezani mshushe, St. Louis na Pujols wameonyesha njia. Kama ni kazi, mpeni dakika 20 na mkataba wa dakika 20. Kama ni kiti, mwambieni ni kiti, msimwambie ameisha. Mtu aliyeambiwa kiti hakuna anaweza kwenda Mbweni kutafuta kiti kingine. Aliyeambiwa ameisha anakwenda nyumbani.

Pili, mkishaahidi, lipeni. Kuna mchezaji mmoja wa zamani wa besiboli, Bobby Bonilla, ambaye timu ya Mets inamlipa dola milioni 1.19 kila tarehe 1 Julai, kuanzia 2011 mpaka 2035, na alishaacha mpira zamani. Marekani wanamfanyia utani kila mwaka. Lakini tarehe ikifika, hela inaingia. Sisi mwaka 2023 tulisikia Yanga imefungiwa na FIFA kusajili kwa sababu ya madai ya Lazarous Kambole, mchezaji aliyekwishaondoka. Na si Yanga peke yake. Kumwacha mtu bila kummalizia chake ni kuhamisha deni kutoka msimu huu kwenda ujao, tena na riba ya aibu.

Tatu ni lile la kaka. Pigeni hodi. Haligharimu leseni, halikali kiti cha mgeni, haliongezi mzigo kwenye Hiace. Kabla picha haijapanda mtandaoni, kabla orodha haijatumwa kwenye kundi, mtu mmoja mwenye cheo aende akakae naye. Nimeandika habari nyingi za usajili, na karibu kila mchezaji mwenye kinyongo niliyezungumza naye hakulalamikia kuachwa. Alilalamikia alivyojua.

Na msidhani haya ni ya wanasoka tu. Wengi wenu mko maofisini, mna miaka 25, 28, mko kwenye ule umri ambao bei yenu inapanda na miguu inakubali. Kuna mtu meza ya pili, ana miaka 54, anajua kazi kuliko wote, anaandika polepole. Hesabu yake inapigwa mahali. Siku moja itapigwa yenu.

Haya, niishie hapa, kuna habari ya kikao cha halmashauri inanisubiri. Ila nawaachieni swali. Una Hiace, una viti 15. Wapo vijana 14 ambao hakuna ubishi juu yao. Kiti cha mwisho kina watu wawili: mzee wa penalti ya dakika ya 88, na dogo anayecheza sehemu tatu. Dereva ameshawasha gari. Wewe unamshusha nani, na unamwambiaje?